Mimea Inayoelea ya Kumrudisha Papa

Jumamosi, tarehe 5 Oktoba

Nina mpango. Safari hii hauwezi kushindwa!

Papa amepiga simu kutoka Uvira. Alimuuliza Maman kama mvua imeanza, akamuuliza kama bati la jikoni bado linavuja, kisha akaniomba mimi. Nilikuwa tayari na matokeo yangu ya hesabu mkononi. Hakuyauliza. Aliuliza: Kapita iko? Nikasema iko. Iko anakula? Nikasema anakula vizuri. Akacheka. Sijamsikia akicheka tangu alipoteremka Uvira na marobota yake ya vitenge, kabla ya Ramadhani, kwa wiki mbili tu.

Wiki mbili hizo hazijaisha bado. Biashara ni ngumu, na barabara ya mlima Ngomo inateleza.

Nimetafakari muda wote wa kuosha sufuria. Papa hakuuliza matokeo, wala mguu wa Maman unaovimba. Aliuliza samaki. Kwa hiyo samaki ndio kamba ya kumvutia. Nikimtumia picha ya akwariumu nzuri kama ya hoteli, hataweza kuvumilia. Kesho yake atakuwa ndani ya gari.

Kasoro moja: akwariumu yetu kwa sasa inatia huzuni. Kioo, changarawe, maji yenye ukungu, na samaki watano wa ziwa Tanganyika ambao Papa aliwaleta mwenyewe ndani ya ndoo, ameipakata njia nzima. Umeme ukikatika pampu inasimama, na umeme unakatika kila siku. Kapita ndiye mkubwa wao, mwenye mistari. Papa alimwita hivyo kwa sababu anawasimamia wenzake kama kapita wa shamba. Siku hizi hasimamii mtu. Anajificha nyuma ya pampu kama mtoto aliyevunja sahani.

Kitabu cha biolojia cha shule kinasema mimea inayoelea inakula uchafu wa maji, inawapa samaki kivuli, inawatuliza. Haihitaji udongo wala kupandwa. Unaiweka juu ya maji, basi! Hata mtu kama mimi ataweza.

Nimemweleza Maman sehemu ya mimea, si sehemu ya Papa. Ameuliza kama hii itakuwa akwariumu ao shamba ya sombe ya kupika.

Jumapili, tarehe 6 Oktoba

Shida ya kwanza. Kifuniko.

Lazima kiwepo. Kapita huruka. Idd ya mwaka juzi aliruka kutoka majini akatua ndani ya sinia la pilau, mbele ya wageni, katikati ya dua. Papa alimrudisha majini kwa mkono wa kulia huku akiitikia amina. Kesho yake alikwenda kwa fundi wa vioo, akakatiwa kifuniko, akafunga na taa ndani yake. Kwa hiyo mimea yangu itabidi iweze kuishi gizani umeme ukikatika, kwenye joto la taa ukirudi, chini ya kioo. Kitabu hakisemi neno juu ya vifuniko. Aliyekiandika hakumjua Kapita.

Shida ya pili. Ornella.

Ni jirani yetu, tunasoma darasa moja, na mjomba wake Honoré ana mabwawa ya samaki kule Nyangezi. Mabwawa yamejaa mimea ya kuelea, anawalishia bata. Hakuna mtu mwingine ninayemjua mwenye mimea hiyo. Nimelazimika kumwendea akitoka misa. Baba yake, Papa Jean-de-Dieu, alikuwa barazani kwao na singlendi yake, kama kila siku, kana kwamba kubaki nyumbani ni kipaji.

Ornella amesikiliza ameinamisha kichwa. Halafu ameuliza, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, kama papa yangu alienda kununua mukate kule Uvira. Na kama ni hivyo, ni mukate gani ile haiivi?

Tumefundishwa kutojibu.

Kisha ametaja bei yake. Hataki chochote ila kumpa jina samaki mmoja. Nimekubali. Amechagua yule mnene. Amemwita Papa Jean-de-Dieu.

Sasa Papa Jean-de-Dieu yuko barazani kwao na yuko sebuleni kwetu. Sisi hata mmoja hatuna.

Jumatano, tarehe 9 Oktoba

Mjomba Honoré amepanda mjini na beseni. Ndani yake aina nne! Ameniambia nichague mwenyewe, hana haraka, bata wake bado hawajamaliza.

Nimechagua gugu maji. Lina majani mazito yanayong'aa, na ua la zambarau. Papa anapenda vitu vikubwa. Mjomba Honoré ameniuliza kama akwariumu yetu ni ya ghorofa. Nimecheka kwa adabu.

Nimefika nyumbani. Kifuniko hakifungi. Gugu limesimama juu ya maji kama mgeni aliyekataa kukaa. Nimelikunja. Limefunguka. Nimelikunja tena na kuweka kifuniko, na juu ya kifuniko pasi ya makaa ya Maman.

Mizizi yake ni ndevu ndefu nyeusi zinazofika hadi kwenye changarawe. Samaki wote wamehamia nyuma ya pampu. Kuna msongamano huko.

Nadhani watazoea.

Ijumaa, tarehe 11 Oktoba

Hawakuzoea. Gugu limeoza.

Marafiki wa Maman wamepita baada ya sala ya Ijumaa kumsalimia. Ni watu wema. Hawamuulizi habari za Papa, wanauliza tu kama barabara imetengenezwa, halafu wanatazamana. Leo mazungumzo hayakufika hata kwenye barabara. Mmoja alinusa mara mbili, akauliza kwa upole kama panya amekufa nyuma ya kabati. Maman amechoma udi. Ukawa mchanganyiko wa udi na gugu. Wameaga mapema.

Maman hakunipiga. Amesema tu, “We Maisara, na mimi watu wanaanza kunikimbia sasa?” Halafu akakaa.

Nimetoa gugu lote kwa mikono. Ua la zambarau limebaki unyuzi wa kahawia.

Sababu ya kushindwa, kisayansi: kimo. Mmea wa chini ya kifuniko lazima uwe mfupi. Nitachagua mfupi.

Jumapili, tarehe 13 Oktoba

Saladi ya maji! Mviringo kama waridi la kijani, kimo cha kidole, manyoya laini juu ya majani. Mjomba Honoré ametuma vichwa kumi kupitia kwa Ornella, ambaye amemtembelea Papa Jean-de-Dieu na kumletea makombo ya mkate bila kuniomba ruhusa.

Lakini nimejifunza kuwa mwangalifu. Mimea inatoka bwawani, bwawa lina konokono, konokono ana kichocho, na mtaani kwetu tayari kuna kipindupindu. Sheria ya Maman: chochote kinachoingia nyumbani kipite kwanza kwenye dawa. Mboga, nyanya, hata embe.

Nimekwenda kwenye ziwa letu la hapa mjini na bidoni, dumu la maji. Pale ufukweni anakaa Hugues, kijana wa dawa, na chupa yake na bomba la sindano. Kila bidoni inayotoka majini anaifyatulia klorini. Watu wanamkwepa kwa sababu chai inakuwa na ladha. Mimi nimesimama mbele yake wima, nimefungua kifuniko, nimemshukuru, na nimemwomba aniongezee bomba la pili.

Ameniangalia sana. Amesema tangu aanze kazi hakuna mutu alishamuomba ya pili, wenzangu wote wanakimbia. Ameuliza niko mutoto ya nani. Nimesema wa Papa Djafari, anarudi karibuni.

Nimeloweka saladi ndani ya maji hayo kama Maman anavyoloweka saladi ya kula. Nusu saa kamili. Kisha nimeipanga juu ya akwariumu, nzuri mno, na kwa kuwa maji yalikuwa yamepungua nimemalizia na yale yaliyobaki kwenye bidoni. Usafi kamili!

Kesho napiga picha.

Jumatatu, tarehe 14 Oktoba

Saladi imekuwa nyeupe kama karatasi.

Samaki watatu wamekufa. Kapita yuko hai. Anapumulia juu kabisa, mdomo wazi, chini ya kifuniko. Amebaki na mdogo mmoja asiye na jina.

Papa Jean-de-Dieu ni kati ya waliokufa.

Nilimweleza Ornella njiani, taratibu, kama inavyotakiwa. Alilia machozi ya kweli. Sikutegemea. Halafu alifika darasani akatangaza kwamba Maisara ameua papa yake. Saa ya pili niliitwa na mwalimu wa nidhamu. Alikuwa ametuma mtu kwao kupeleka rambirambi. Mtu huyo alimkuta marehemu barazani, anakula ndizi.

Nimeadhibiwa kufagia uwanja. Nimefagia vizuri.

Mwalimu wetu wa biolojia, Monsieur Benoît, amenikuta na ufagio akaniuliza kisa. Nilimweleza yote. Alifunga macho kidogo. Alisema klorini haichagui: inaua kipindupindu, inaua na mmea, na samaki inamuunguza mapafu yake ya majini. Maji ya dawa yaachwe kwanza kwenye beseni wazi, juani, siku nzima au mbili, hadi harufu iishe. Alisema nilikuwa na nia nzuri. Nilimshukuru, nikaenda chooni kulia.

Tumewazika chini ya kamba ya nguo. Maman alichimba. Nilimwambia kwamba Papa akiuliza kama Kapita iko, jibu bado ni la kweli. Maman aliendelea kusawazisha udongo kwa kandambili, muda mrefu kuliko udongo ulivyohitaji.

Jumamosi, tarehe 19 Oktoba

Nimebadilisha maji yote, kwa maji yaliyolala juani. Nimechagua mmea wa tatu: lenti za maji. Vijani vidogo kuliko punje ya mtama, vinalala juu ya maji kabisa. Kimo: hakuna. Joto: hazijali. Giza: hazijali. Nilitia kiganja kimoja Jumatano.

Hakuna kinachozishinda. Zimeenea ukuta hadi ukuta. Zimepanda kwenye kioo. Ziko kwenye pampu, kwenye ndoo, kwenye mikono ya sare yangu. Asubuhi Maman amekuta moja kwenye chai yake. Ameitoa na kijiko na kuiweka kwenye sahani yangu.

Jambo jema: maji chini yake ni safi kama ya chupa. Kapita ametoka nyuma ya pampu. Najua kwa sababu nimeingiza kichwa pembeni na tochi. Kwa mbele haonekani. Hakuna kinachoonekana.

Hata hivyo nimepiga picha kwa simu ya Maman, nikamtumia Papa, nikaandika: Papa, tazama akwariumu yako!

Amejibu jioni. Ameuliza: “Munapika nini?”

Hakuna kingine.

Maman alicheka. Alicheka hadi akashika meza, halafu kicheko kikakatika katikati, akaingia chumbani. Nilipopeleka maji ya kuogea alikuwa amekaa kitandani, viatu miguuni, kama mtu anayesubiri gari.

Papa ana picha mpya kwenye simu. Amevaa shati nisilolijua, amekaa kwenye kiti cha kifahari, na nyuma yake kuna pazia la maua. Nimefurahi kuona kwamba nyumba ya wageni ya Uvira ina mapazia mazuri.

Jumanne, tarehe 22 Oktoba

Bado natoa lenti. Kwa chujio la chai, kwa kitana, kwa soksi. Kesho yake zimerudi.

Maman amekaa karibu nami akisaidia na kijiko. Ameanza kusema kitu. Amesema, “Maisara, mwanangu, ile mambo ya Papa yako...” Nimemwambia asihofu, nimeshaelewa kosa liko wapi: nilichagua mmea unaokua haraka. Amenitazama. Amesema sawa, akaendelea na kijiko.

Jumapili, tarehe 27 Oktoba

Sikuthubutu kuamini hadi leo. Imefanikiwa!!

Mmea wa nne, wa mwisho kwenye beseni. Ni jamii ya kangaga, mdogo, majani mawili mawili kama masikio ya panya, yana vinyweleo vinavyokataa maji. Mfupi. Haukui kwa wazimu. Lakini mwanzoni ulianza kuoza hata huu, na nikakaa mbele ya kioo saa nyingi kuangalia kwa nini. Nikaona. Mvuke unapanda, unashika kifuniko, unakuwa matone, na matone yanaanguka juu ya majani mchana kutwa. Mmea unakaa majini bila shida. Kinachouua ni kudondokewa.

Nimeweka vizibo viwili vya soda chini ya ukingo mmoja wa kifuniko. Sasa kimeinama kidogo. Matone yanateleza hadi nyuma na kushuka kwenye kioo, na hewa inapita. Pengo ni jembamba, hata Kapita hawezi.

Na ili majani yasizibe kila mahali: mpira wa serumu! Ule mwembamba wa kuwatundikia wagonjwa maji. Maman yake Ornella ni muuguzi, alikuwa na mmoja mpya. Nimeukunja ukawa duara, nimeziba, unaelea. Ndani ya duara hakuna mmea, mwanga unashuka kama kutoka dirishani. Kapita anasimama katikati ya mwanga huo, mistari yote inaonekana, anamkemea yule mdogo. Ameanza kazi tena!

Ornella ameuleta mpira mwenyewe. Ametazama. Amesema iko muzuri, vraiment, kweli kweli. Halafu ameuliza kama papa yake anaweza kuja kuona. Papa Jean-de-Dieu amekuja na shati. Amesimama mbele ya kioo mikono nyuma, amesema hata wazungu hawana ya vile. Akamgeukia Maman akamwambia bati ile ya jikoni atapanda kuitengeneza Jumamosi, asimwambie hapana.

Nimepiga picha wakati umeme upo. Nimetuma. Nimeandika: Papa, si chakula.

Jumanne, tarehe 29 Oktoba

Papa amejibu kwa sauti! Nimeisikiliza hadi simu ya Maman imezimika.

Anasema: “Eh Maisara! Mwanangu, ile ni wewe? Ile ni kweli kwetu? Wote hapa wameitazama. Wote wanashangaa.” Kisha: “Nilisahau vile iko muzuri.”

Nilisahau! Kwa hiyo sasa amekumbuka. Ndivyo mpango ulivyosema.

Halafu ameomba nipime urefu, upana na kimo cha akwariumu, na nimwambie kama stendi yake inafunguka. Nimepima mara mbili. Stendi inafunguka. Nadhani anataka kununua taa kubwa zaidi aje nayo.

Nimemwambia Ornella. Ameuliza mbona anataka vipimo. Nimemwambia wivu ni dhambi hata kwao. Hakucheka. Akanipa nusu ya andazi lake.

Maman ameisikiliza sauti hiyo mara moja tu, amesimama. Kisha alirudisha nyuma hadi pale tu Papa anaposema “wote hapa”. Ameuliza: wote, ni nani? Nimesema wafanyabiashara wenzake.

Jumamosi, tarehe 2 Novemba

Nitaandika kwa mpangilio.

Asubuhi gari limepiga honi. Nilikuwa nimevaa gauni la Idd kwa sababu nilihisi. Nilikimbia. Alikuwa tonton Hamadi, anko wa heshima tu, dereva anayembebea Papa mizigo. Peke yake. Nyuma ya gari godoro la sponji, kamba, na ndoo mbili zenye vifuniko.

Nilimuuliza kama Papa yuko nyuma na gari lingine. Akajifanya anatafuta funguo, nazo zilikuwa mkononi.

Maman alimkaribisha, akampa chai. Hamadi alikunywa haraka hadi akaungua. Alisema ametumwa kuchukua akwariumu. Papa Djafari amesema samaki ni wa ziwa la kule, hewa ya kule itawafaa. Maman akasema ni kweli, ni wa kule. Hamadi akatulia, akadhani yamekwisha. Akaongeza, ili kusifu, kwamba hata ile maman ya kule anapenda samaki sana, na tangu azae hatoki sebuleni, atapata kitu cha kutazama.

Saa ya ukutani ilikuwa inafanya kazi. Sikuwahi kuisikia.

Hamadi akaona alichokisema. Akasema, “Maman Maisara, mimi natumwa tu. Unisamehe.” Maman akamwambia amalize chai, itapoa. Akauliza ni mutoto gani. Hamadi akasema kijana. Maman akasema Mungu amkuze.

Kisha walibeba. Hamadi upande mmoja, Maman upande mwingine, na mguu wake ule. Nilimwambia Maman aniachie mimi. Alisema, “Toka njiani, mama.” Kapita na mdogo waliingia ndoo moja. Kangaga niliziweka mimi kwenye ndoo ya pili, na maji yao ya zamani, kwa sababu maji mapya yangezishtua. Nilimweleza tonton Hamadi mambo yote: mpira wa serumu, vizibo vya soda, matone, asitie maji ya dawa kabla hayajalala juani. Alirudia baada yangu kila neno. Alikuwa anatazama chini.

Gari lilipowashwa Maman alirudi ndani akatoka na kifuniko. Walikuwa wamekisahau juu ya kochi. Akampitishia Hamadi dirishani. Akasema, “Na hii. Huyu samaki anaruka, akianguka sakafuni kule, watasema nilimloga.”

Alisimama barabarani hadi gari likapotea kwenye kona. Papa Jean-de-Dieu alikuwa juu ya bati letu la jikoni na nyundo mkononi. Hakupiga hata msumari mmoja wakati huo wote.

Jumapili, tarehe 3 Novemba

Nimelala vibaya. Asubuhi nimefagia sebule. Pale ilipokuwa stendi, saruji ina rangi nyingine.

Maman ameniita jikoni. Hakuna tone lililovuja usiku kucha, na mvua ilikuwa kubwa. Amenikalisha kwenye kibao. Amesema Papa hatarudi. Amesema polepole, kisha amerudia kutoka mwanzo, kama mwalimu anayesoma imla. Amesema si kosa la mutu yeyote wa hii nyumba. Amesema yeye alijua tangu Idd ndogo, na kunyamaza kwake lilikuwa kosa. Alinishika uso kwa mikono yenye unga. Nilimwambia nimeelewa.

Na nimeelewa kabisa. Nilikaa nyuma ya nyumba, nimechambua kila kitu tangu mwanzo, kwa utulivu, kama Monsieur Benoît anavyotaka.

Picha ilifanya kazi. Mimea ilikuwa sahihi. Papa alivutwa, tena sana. Kosa ni moja tu na ni langu: nilipendezesha kitu chenye pande nne, chepesi, ambacho watu wawili wanaweza kukiinua. Mtu akipenda kitu cha aina hiyo anatuma gari. Kwa nini aje mwenyewe?

Basi bwawa. Hapa nyuma ya nyumba, karibu na ukuta, pana nafasi ya kutosha. Nimeazima jembe kwa kina Ornella. Ornella amekuja nalo na la pili, ameuliza tunachimba nini, nimemwambia, akasema papa wa kwao iko na nguvu, tumuite. Nimekataa. Lazima lichimbwe na watu wa nyumba hii.

Maman ametoka kusimama mlangoni. Ameona mstari niliouchora kwa majivu. Nimemuuliza kama anapenda duara au mraba. Akasema nichimbe mbali na msingi wa nyumba, mutoto, isituangukie. Halafu akavua viatu akaja kushika jembe la Ornella.

Bwawa halina kifuniko. Kwa hiyo safari hii gugu maji linawezekana, kimo si shida, na lile ua la zambarau litasimama wima. Saladi ya maji pembeni. Lenti hapana, kamwe. Mjomba Honoré anapanda mjini Jumatano.

Picha nitapiga kutoka juu ya bati, ili Papa aone jinsi lilivyo kubwa. Gari la tonton Hamadi haliwezi kubeba bwawa.